Nani Anaangalia Nne?

Skrini zilikuwa nne, kompyuta moja, na kompyuta yenyewe ilikuwa na matundu mawili tu ya kuchomekea skrini. Hapo huhitaji kuwa mtaalamu wa hesabu kujua kwamba skrini mbili zitakosa kazi. Na kweli zilikaa tu pale mwisho wa meza, nyeusi tititi, zikimkodolea macho Mkasi kama wakwe ambao hawajaridhika na chai.

Mkasi ni jina alilopewa na wateja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata video za harusi. Jina alilozaliwa nalo lilibaki kwenye vyeti vya shule, na vyeti vyenyewe vilikuwa uvunguni mwa kitanda, vinapumzika.

Kazi aliifanyia kwenye chumba cha juu katika nyumba ya Shangazi, dada wa marehemu baba yake, mama mnene mwenye tabia ya kupanda ngazi huku akiilaumu kila ngazi anayoikanyaga. Zamani chumba kile kilikuwa na kompyuta mbili, viti viwili, na kelele za watu kumi, ingawa waliokuwa wanapiga kelele ni wawili tu: Mkasi na dada yake mkubwa.

Wao walikuwa na mtindo wao wa kufanya kazi, na sidhani kama kuna mtu mwingine angeuvumilia. Kila harusi waliipiga kwa kamera nne. Wakirudi nyumbani, Dada anaweka kamera ya kwanza na ya pili kwenye skrini zake mbili, Mkasi anaweka ya tatu na ya nne kwenye zake mbili. Wanaanzisha zote kwa mpigo, kisha wanakodoa macho kama makipa wawili kwenye goli moja.

"Mbili!" Dada anapiga kelele.

"Bado, bado... Tatu!"

"Tatu ya wapi? Tatu imemkata bibi harusi kichwa!"

"Basi moja."

"Moja. Kaa hapo. Kaa... Mbili!"

Namba inayoshinda ubishi ndiyo picha inayoingia kwenye filamu. Wakibishana sana wanarudi nyuma na kuanza upya, na Shangazi huko chini anapiga dari kwa mpini wa ufagio. Halafu kulikuwa na lile swali la Dada, alilouliza mara nyingi kuliko alivyosalimia watu: "Nani anaangalia nne?" Maana kamera ya nne ilikuwa ile isiyo na mtu, inayosimama peke yake kwenye miguu yake mitatu, na Mkasi ndiye aliyekabidhiwa kuiangalia, na Mkasi kila mara alikuwa ameisahau.

Halafu Dada akaolewa. Na aliolewa na nani? Na mteja mlalamishi! Kaka mtu alikuja siku moja kulalamika kwamba kwenye video ya harusi ya mdogo wake kichwa chake hakionekani. Wakakirekebisha. Akarudi kusema kichwa kimeonekana lakini sikio halipo. Akarudi tena kuhusu sikio la pili. Mkasi alikuwa wa kwanza kugundua: mtu hawezi kupenda masikio yake kiasi hicho. Kuna kitu kingine anakifuata pale juu, na hakikuwa video.

Baada ya harusi Shemeji akamchukua mkewe kwenda nchi ya mbali alikokuwa akifanya kazi. Dada aliondoka na kompyuta yake, kwa kuwa na kule alihitaji kufanya kazi. Skrini zake mbili hazikuingia kwenye sanduku. Alizipangusa vumbi, akazisogeza upande wa Mkasi, akasema, "Hizi nakuachia, zitakusaidia," kana kwamba skrini zinajua kubishana.

Tangu siku hiyo Mkasi alikata harusi za watu wengine vizuri tu, kwa kamera mbili mbili, na hakuna aliyelalamika, hata kuhusu masikio. Harusi moja ndiyo iliyomshinda. Ya Dada mwenyewe.

*

Jumatatu Dada alipiga simu ya video. Huko kwake kulikuwa na mwanga wa asubuhi, huku kwa Mkasi jua lilishapita juu ya bati.

"Mdogo wangu, filamu yangu?"

"Ipo jikoni."

"Ipo jikoni tangu nimeondoka. Hiyo siyo filamu tena, hiyo ni makande."

"Kompyuta haitoshi, Dada. Nina matundu mawili tu. Harusi yako ina kamera nne. Nikiangalia moja na mbili, tatu na nne zinanipita."

"Wakwe zangu wanakuja Jumamosi kukaa na sisi. Wanataka kuiona. Kila wakiuliza nawaambia bado kidogo, mpaka bado kidogo imeota ndevu."

Pembeni ya simu ikatokea pua ya Shemeji, kisha Shemeji mzima. "Shem, usijichoshe. Kuna kampuni huku inakata vizuri sana. Tuma tu zile video mbichi zote, wataimaliza wao. Wewe pumzika."

Mkasi akacheka ili asionekane hakucheka. "Wageni wakate harusi ya Dada? Watajua nani ni nani? Watamweka dereva katikati ya meza kuu."

"Sasa tufanyeje?" Dada akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kumtetea mtu. "Ikifika Ijumaa jioni hujamaliza, nitumie mbichi. Sawa?"

"Sawa."

Simu ilipokatika Mkasi alikaa akiutazama uso wake mwenyewe kwenye skrini nyeusi. Suala la matundu lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine ambayo hakumwambia mtu. Alishaianza ile filamu mara nyingi. Alikuwa akifika kwenye hotuba, mahali ambapo baba mkwe wa Dada anasimama na karatasi yake inayotetemeka, na anauliza kwa sauti, kwa mazoea tu, "Tatu?" Halafu anasubiri. Chumba nacho kinasubiri. Feni ya kompyuta inavuma. Basi anazima, anakata harusi ya mtu asiyemjua.

Sasa video zenyewe zitaenda kwa watu wasiomjua Dada hata kwa salamu. Hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Akachukua mkoba akaenda kwa fundi.

*

Fundi alikuwa na kibanda kilichojaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo, na mdomo ambao haukuwahi kuzimwa tangu ulipowashwa.

"Fundi, nataka kadi ya picha. Yenye matundu manne."

"Manne? Unafungua uwanja wa ndege?"

"Nakata harusi."

"Ya nani hiyo yenye pande nne?"

"Ya dada yangu."

Fundi akaacha kulehemu. "Dada yako si alishaolewa? Mimi mwenyewe nilikuja, nikala, nikacheza mpaka soli ikabanduka. Sasa wewe mpaka leo bado unamwoza?"

Mkasi akauweka mkoba mezani. Akasema, "Kadi ipo au haipo?"

Ilikuwepo. Ndefu, nzito, ina feni mbili tumboni kama injini ya boti. "Hii alikuwa nayo mcheza michezo ya kompyuta," fundi akasema. "Ameoa, mke kaiona, kaiondoa. Lakini nisikilize, dada yangu. Siyo kila kadi yenye matundu manne inawasha skrini nne. Zingine ni kama mkahawa wenye viti vingi na mpishi mmoja: watu wawili wakishahudumiwa, wengine mnatazamana. Hii inahudumia wote wanne kwa pamoja. Nimeijaribu kwa mkono wangu. Skrini zako zikoje?"

"Mbili mpya mpya. Mbili za kizamani, zile za pini za buluu."

"Basi hizo za kizamani haziingii hapa bila adapta. Chukua mbili. Na ukishafunga, usinipigie simu."

"Nitakupigia."

"Najua."

*

Alhamisi asubuhi Mkasi aliilaza kompyuta ubavu, akaifungua. Vumbi lililotoka humo lilitosha kupanda mchicha. Akaing'oa kadi ya zamani, akaisukuma mpya mahali pake mpaka ikalia ta!, akachomeka waya wa umeme wa kadi, akafunga. Kisha akaanza kuchomeka skrini moja moja. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu, ya kizamani, ikakohoa mistari ya kijani halafu nayo ikawaka. Ya nne ikaandika: HAKUNA ISHARA.

Akachomoa, akachomeka. Hakuna ishara. Akaipiga kofi, kama zilivyopigwa televisheni za utoto wao. Hakuna ishara. Akampigia fundi.

"Umechomeka wapi?" fundi akauliza, hata salamu hakusubiri.

"Kwenye tundu."

"Matundu ni mengi duniani, dada yangu. Lipi?"

"La juu kule. Ni la buluu kabisa kama waya wangu, wala halikuhitaji adapta."

Fundi akacheka mpaka akasikika akigonga kitu. "Hilo siyo la kadi! Hilo ni la kompyuta yenyewe. Kadi ikishaingia, hilo linalala. Mpangaji mpya amehamia, wewe bado unagonga kwa yule wa zamani. Shuka chini, chomeka kwenye kadi."

Akashuka chini, akaweka adapta, akachomeka kwenye kadi. Skrini ya nne ikawaka.

Hapo Shangazi alikuwa njiani anapanda. "Ngazi gani hizi," alisikika, "zinazidi kuongezeka kila mwaka." Akaingia na kikombe cha chai, akasimama. Skrini zote nne zilikuwa zinaonyesha picha ileile ya ua.

"Maua manne," Shangazi akasema. "Yaleyale. Sasa mwanangu, kwa nini usingeangalia moja mara nne?"

"Bado sijamaliza, Shangazi. Zinaigana. Nataka kila moja iwe na mambo yake."

Akaingia kwenye mipangilio, akaziambia ziache kuigana. Ua likabaki kwenye moja, nyingine zikawa tupu. Lakini kompyuta ilikuwa imezipanga inavyotaka yenyewe. Ya kushoto kabisa iliiita ya tatu, ya mwisho iliiita ya kwanza, na kishale cha kipanya kilikuwa kinatokea kulia kwa skrini hii na kuibukia mwisho wa meza huko, kama mlevi aliyekosea nyumba. Kulikuwa na njia rahisi ya kuzipanga upya humohumo kwenye mipangilio, kuburuta tu vijisanduku. Mkasi aliijua. Lakini siku hiyo akili yake haikuwa nyumbani, basi alisimama akaanza kuzibeba skrini zenyewe, moja baada ya nyingine, kuzihamisha huku na huku mezani, nyaya zikimzunguka kiunoni.

Shangazi akatafuta pa kukaa. Kiti cha pili kilikuwa kimejaa kebo, spika mbovu na sweta la Dada lililosahauliwa. Akaanza kuvitoa.

"Usitoe!" Mkasi akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Shangazi akakirudisha kila kitu kilipokuwa, sweta akaliweka juu. Akabaki amesimama. "Ungemwambia tu kwamba umemkumbuka," akasema. "Ingekuwa rahisi kuliko kubeba televisheni hizi zote."

"Nimwambie nani? Nimekumbuka nani? Hii ni kazi, Shangazi."

"Haya. Kazi njema. Chai hiyo isipoe kama ya jana." Akashuka, akizilaumu ngazi kwa kushuka vilevile.

*

Siku ya Ijumaa, mchana, Mkasi alifunga dirisha ili sauti za mtaani zisiingie, akaweka kila kamera kwenye skrini yake. Ya kwanza aliigawa: juu kamera, chini utepe wa kukatia. Programu yake ya kukatia ilikuwa na utaratibu wake: unaziacha video zote nne zitembee pamoja, na wewe unabonyeza tu namba unayoitaka, moja mpaka nne, nayo inakata hapohapo.

Akaanzisha.

Ukumbi ukajaa chumba. Upande mmoja Dada anaingia, upande mwingine Dada anaingia kwa nyuma, skrini ya tatu watu wanapiga makofi, na ya nne... Mkasi alikumbuka kwamba ya nne hakuwahi hata kuifungua. Siku ile kamera hiyo ilisimamishwa pembeni ya meza kuu, nyuma ya maua. Aliyeisimamisha alikuwa Dada mwenyewe. Ndiyo, asubuhi ya harusi yake, kichwani ana roli za nywele, usoni poda nusu, alikuja ukumbini kupanga kamera zote nne kwa sababu hakumwamini mtu. Mama mpambaji alimfuata na brashi mpaka mlangoni akimlilia arudi kitini.

Mkasi akabonyeza moja. Mbili. Moja. Mpaka hapo kazi ilikwenda. Kisha baba mkwe akasimama na karatasi yake, ikaanza kutetemeka, na kile kidole cha Mkasi kikasimama hewani.

"Tatu?" akauliza.

Feni ya kadi mpya ilikuwa na sauti kubwa kidogo kuliko ya zamani. Tofauti ilikuwa hiyo tu.

Alinyoosha mkono azime. Na ni katika kunyoosha mkono ndipo jicho lake lilipoangukia skrini ya mwisho.

Kutoka pembeni, kamera ya nne iliona kile ambacho wageni wote, wakiwa mbele, hawakukiona. Kitambaa cha meza kuu kilikuwa kimefunika mbele tu. Upande ulikuwa wazi. Juu ya meza Dada alikuwa bibi harusi kamili, shingo imenyooka, anamtazama baba mkwe kwa heshima zote. Chini ya meza mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia pembeni ya goti, na vidole vilikuwa vinafanya kitu. Viwili vikatoka. Vikakunjwa. Kikatoka kimoja. Vikakunjwa.

Anawashwa, Mkasi akadhani. Au anahesabu wageni. Au ni woga. Wapo maharusi wanaotafuna hata shela.

Vidole vitatu vikatoka, na kwenye skrini ya tatu, palepale, mama mkwe akainua leso na kufuta jicho.

Mkasi akarudisha nyuma. Akatazama tena. Baba mkwe anataja jina la mkewe, vidole vitatu, leso. Baba mkwe anamgeukia mwanawe, vidole viwili. Na ya pili ndiyo kamera iliyokuwa inamwona Shemeji uso mzima, masikio yote. Baba mkwe anarudi kwenye karatasi, kidole kimoja.

Alikuwa anakata. Yule mwanamke alikuwa amekaa katikati ya harusi yake mwenyewe, watu wanalia kwa ajili yake, naye chini ya meza anakata video! Hakuweza kuona kamera zinaona nini, lakini alijua kila moja imesimama wapi, na hilo lilimtosha.

Mkasi alicheka peke yake mpaka akajishika mbavu. Kisha akarudi mwanzo wa hotuba, akaweka kidole juu ya vitufe, na safari hii hakumuuliza mtu. Alifuata. Vidole viwili, akabonyeza mbili. Kimoja, moja. Mahali fulani alimkatalia: "Hapana, hapo tatu imemkata mjomba kichwa," akasema kwa sauti, na akaweka moja, na akajiona mshindi wa ubishi ambao mwenzake hajui kama ameshindwa. Hotuba ya baba mkwe ikaisha, ikaja ya mjomba, ile ndefu, vidole vikawa vivivu, mara moja vikapiga miayo kabisa, vimefunguka vyote vitano. Ukapita mchana mwema. Chai ilipoa kama ya jana.

Katikati ya hotuba ya rafiki wa bwana harusi vikatoka vidole vinne, na havikurudi. Vikabaki vimenyooka, vinatikiswa. Kisha Dada aligeuza kichwa kidogo tu, kiasi ambacho mtu aliye mbele angedhani anapanga shela, akaangalia moja kwa moja ndani ya kamera ya nne. Midomo ikatembea. Sauti haikuwepo, ila Mkasi hakuihitaji, aliyasoma maneno yote kwenye midomo.

"Mimi," Mkasi akamjibu. "Mimi hapa. Naiangalia."

Dada akageuka mbele. Na hapo Shemeji akamwinamia sikioni, akamwambia kitu, Dada akacheka, cheko la kweli, la meno. Mkono wa Shemeji ukashuka chini ya meza ukautafuta ule wa kushoto, ukaupata, ukaupandisha juu ya kitambaa mbele za watu wote. Ukumbi ukapiga makofi.

"Shemeji!" Mkasi akafoka. "Ungengoja kidogo tu jamani!"

Alisogeza mbele. Mikono ipo juu ya meza, imeshikana. Akasogeza tena. Keki, mkono wa Dada umeshika kisu, mwingine uko juu ya wake. Muziki, mikono iko mabegani mwa Shemeji. Alipekua hadi mwisho wa kamera zote nne, akatafuta hata kidole kimoja kilichosahau. Hakuna. Tangu pale kwenye meza, Dada hakukata tena. Alikuwa ameingia kwenye harusi yake.

Ilibaki nusu nzima ya filamu.

Mkasi alikaa. Nje watoto wa shule walikuwa wanarudi, jua limeanza kulegea. Kwenye ukingo wa skrini kulikuwa na folda ya video mbichi, zote zikiwa tayari kutumwa, na jioni yenyewe ya Ijumaa ilikuwa inakuja na miguu yake. Kishale kikaenda mpaka kwenye folda. Angetuma, angepumzika kama alivyoambiwa. Wale wa kule wangeweka keki mahali pa keki na muziki mahali pa muziki. Hotuba zingekatwa upya, na hakuna mtu huko ambaye angejua kwamba vile vidole ni maneno. Wangeiona kamera ya nne, wangeona bibi harusi anawashwa goti, wangeifuta.

Akakitoa kishale pale.

"Moja," akasema, na sauti yake ilimshangaza, kama sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani. Akabonyeza. "Mbili... Hapana. Moja, kaa."

Ugumu ulikuwa kwamba hakuna aliyepinga. Ukibishiwa unajua unasimamia nini. Usipobishiwa, kila namba ni sahihi na kila namba ni kosa. Keki aliikata, akairudia, akairudia tena, na mara ya mwisho aliiacha si kwa sababu alishinda ubishi bali kwa sababu alipoitazama alitabasamu kabla hajajiambia atabasamu. Akaanza kuliamini tabasamu hilo. Muziki ukaenda upesi zaidi. Shangazi aliita toka chini kwamba chakula tayari. Mkasi akajibu nakuja, hakwenda. Shangazi hakugonga dari. Hakukuwa na kelele ya kugongea.

Mwisho wa filamu ni gari kuondoka. Kwa tukio hilo kamera zilihamishiwa nje. Ya pili ilibebwa na kijana mmoja mrefu waliyemkodi, naye alifanya kazi nzuri: dirisha la gari limeshushwa, Dada na Shemeji wanapunga mikono, maua yanaanguka kwenye boneti. Picha ya kufungia filamu, hata kipofu angeichagua. Ya kwanza alikuwa nayo Mkasi mwenyewe begani, inaonyesha gari likienda, likipungua. Ya nne waliisimamisha ukutani upande wa pili wa barabara, ikasahauliwa kama kawaida yake.

Kwenye ya nne gari linapita na kutoka kwenye picha. Watu wanapunga, wanacheka, wanaanza kurudi ndani, maana muziki umewashwa tena. Yule kijana mrefu anazima kamera yake, anaingia. Mama mpambaji anaingia. Shangazi anaingia, anailaumu ngazi ya ukumbi. Barabarani anabaki msichana mmoja mwenye kamera begani, anaendelea kupiga picha ya barabara isiyo na gari. Anaendelea kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia akate.

Mkasi aliitazama picha hiyo, halafu ya pili, halafu hiyo tena. Alijua ipi ndiyo sahihi. Alijua angeambiwa nini, kwa sauti gani, na mkono gani ungepigwa mezani.

Akabonyeza nne.

Aliiacha itembee mpaka yule msichana aliposhusha kamera. Kisha akafunga filamu, akaituma, jioni ikiwa bado haijaingia ndani ya chumba. Akashuka kwenda kula. Shangazi alimtazama usoni, akamwongezea chakula bila kuuliza.

*

Jumamosi nzima simu haikulia. Mkasi alipangusa meza, akakunja nyaya, akaburuta vile vijisanduku kwenye mipangilio mpaka kishale kikaacha ulevi wake. Alimpigia fundi kumwambia kadi inafanya kazi. Fundi alisema anajua, na akauliza kama harusi imeisha. "Imeisha," Mkasi akasema, na fundi, kwa mara ya kwanza tangu afahamike, akawa wa kwanza kukata simu.

Ujumbe wa sauti uliingia Jumapili alasiri. Nyuma yake kulikuwa na vyombo vinagongana, watu wanazungumza, mtu anacheka kwa kukohoa.

"Mdogo wangu," Dada alisema, sauti ikiwa karibu sana na simu, kama mtu aliyejificha kwenye kona. "Tumeiona. Mama mkwe amelia kuanzia leso yake mwenyewe mpaka mwisho. Baba mkwe anataka hotuba yake irudiwe, tumeirudia, tumechoka. Hivi wewe... uliniona, eh? Kwenye nne. Nimekujua. Hotuba zote zimekaa kama nilivyotaka, isipokuwa pale pa kichwa cha mjomba, umenigomea." Akacheka. Vyombo vikagongana nyuma yake. "Pale mwisho, kwenye gari. Pale mimi ningeweka mbili. Mbili ndiyo sahihi, hata wewe unajua." Akashusha sauti. "Wote hapa wameuliza yule ni nani barabarani. Shemeji yako amesema ni mpiga picha. Nimemwambia siyo mpiga picha. Sasa Mkasi, mimi sikugeuka nyuma siku ile. Nilikuwa napunga tu huku mbele. Sikujua kwamba ulibaki pale..."

Mlango ukasikika ukifunguliwa huko kwake. Sauti ya mwanamke mzee iliita, ikitumia jina ambalo Mkasi hakulijua, jina jipya, la mke wa nyumba ile.

"Nakuja, mama!" Dada akajibu, mdomo ukiwa umeshageukia upande mwingine, na ujumbe ukaishia hapo.